Nyekundu ya Hesma

Katika uwanja wetu, ule wa ndege, wa nyasi, ulio kati ya mashamba ya mahindi nje ya mji wa Senekal, aliyekaza nati si yeye anayeipaka rangi. Hiyo ndiyo sheria, na haikuandikwa popote. Ukijenga ndege yako mwenyewe ndani ya hanga, yaani banda la ndege, miaka kumi ya Jumamosi na likizo, macho yako huzoea makosa yako mpaka yasiyaone tena. Kwa hiyo wewe unakaza, unakaa pembeni, na mwenzako anakuja na spana yake kuijaribu ile nati. Akiridhika, anachora mstari mdogo wa rangi kutoka kwenye nati hadi kwenye bati. Siku mstari ukikatika, utajua nati imezunguka. Mstari usipokuwepo, ndege hairuki. Kila mtu ana rangi yake, na rangi ya Hesma Oelofse ilikuwa nyekundu.

Ilikuwa rangi ya kucha, tena ya bei rahisi, nyekundu iliyofifia kama tofali. Yeye mwenyewe hakuwahi kupaka kucha maisha yake yote. Tabia ya kutia alama kwa rangi hiyo aliitoa kwenye mtambo wa simu wa mjini, alikofanya kazi miaka ishirini na mitatu mpaka walipoufunga na kumpa kila mfanyakazi saa ya ukutani. Huko ndiko alikojifunza kuwinda hitilafu inayokuja na kuondoka, ile inayojificha fundi akifika na kurudi fundi akishapanda gari lake. Na mtu asikudanganye: waya uliokufa ni rafiki yako. Umekufa, unauona, unautoa, unaweka mwingine. Unaoumwa Jumanne na kupona Jumatano ndio wa kuogopwa.

Hangani aliingia kwa ajili ya mumewe. Wessel na mdogo wake Lourens walikuwa wameanza kujenga ndege ya viti viwili. Wessel alishika bati, Lourens akashika injini, na mambo ya umeme wakamsukumia Hesma, mwanzoni kwa mzaha.

"Shemeji, wewe si mtu wa waya?" Lourens alimwambia siku hiyo, akimmwagia mapajani rundo la nyaya kama anammwagia maharage ya kuchambua. "Haya, kula."

Akala. Baada ya miaka miwili hakuna aliyekuwa akicheka. Watu wa hanga za jirani walianza kuja mmoja mmoja, kofia mkononi, kumwomba aje aangalie redio inayokoroma au taa inayopepesa. Ilifika mahali ndege kumi na moja za uwanja wetu zilikuwa zikiruka na nyekundu yake tumboni. Marlize, mwalimu wa hesabu ambaye alikuwa akiwarusha wanawe wawili kila likizo, alikuwa na msemo wake: "Shangazi akishaweka nyekundu, mimi nalala usingizi." Hesma hakuwa na cheo, hakuwa na cheti cha ukutani, mtoto hakujaaliwa. Alikuwa na msemo huo, na ulimtosha.

Wessel aliugua mapafu. Miezi yake ya mwisho hakuweza kuinua bati, lakini nyumbani hakukaliki. Wakamwekea kreti la maziwa nyuma ya mkia wa ndege, awe anakagua nati alizokaza Lourens. Rangi yake siku zote ilikuwa nyeupe, ila safari hiyo aliomba chupa ya mkewe.

"Nipe yako," alisema. "Nataka huku nyuma tuwe pamoja."

Mkono ulikuwa ukimtetemeka. Mistari arobaini na miwili aliyoiacha mkiani ilipinda kama herufi za mtoto wa darasa la kwanza, na Hesma aliipenda kuliko picha yoyote ya harusi yao. Wessel alifariki mwezi wa nne. Mwezi wa tano Hesma alikwenda kwa dada yake Kimberley akakaa wiki tatu, chupa ya rangi ikiwa ndani ya mkoba kwa sababu tu hakukumbuka kuitoa. Aliporudi alikuta Lourens amekwisha kulifunga tangi la mafuta mbele ya chumba cha rubani.

"Nyuma ya tangi tulimaliza?" aliuliza.

"Shemeji, si ulikagua mwenyewe kabla ya kuondoka? Ukapaka na nyekundu yako." Lourens alimtazama kwa huruma. "Hukumbuki?"

Hakukumbuka. Lakini mwezi ule kulikuwa na mengi asiyoyakumbuka. Alikuwa amewahi kukuta funguo za gari ndani ya friji. Akajiambia, basi nilikagua.

Ndege iliruka mara ya kwanza mwezi wa kumi na moja, Lourens akiwa usukani, na sote tuliokuwa pembeni ya uwanja tulipiga kelele mpaka ng'ombe wa jirani wakakimbia. Wiki tatu baadaye, juu ya bwawa, injini ilizimika. Sekunde mbili tu, kisha ikawaka yenyewe. Injini ya aina ile inataka umeme kila nukta; umeme ukikatika, pampu na plagi zote zinakatika. Lourens alitua akiwa mweupe kama unga. Akaruka tena Jumamosi iliyofuata, ikazimika tena, safari hii sekunde nne. Chini haikuzimika hata mara moja. Uiwashe asubuhi, uiwashe mchana, uiache ingurume saa nzima, ilikuwa kama mwana-kondoo.

"Ni nyaya," watu walisema. Nyaya ni za nani? Jibu lilijulikana, wala hapakuwa na haja ya kulitamka.

Kwa miezi mitatu Hesma alizipitia nyaya zake moja baada ya nyingine. Alikuwa na daftari la shule la kuandikia, na mwiko wa jikoni, maana mti haupitishi umeme. Aligonga kila kifundo kwa mwiko huo, akatikisa kila fungu la nyaya huku jicho liko kwenye mita. Alizipasha moto kwa mashine ya kukaushia nywele, akazipoza kwa barafu iliyofungwa kwenye taulo. Alikata vichwa vya waya alivyovibana mwenyewe miaka minane nyuma, akavitazama kwa kioo cha kukuzia, akabana vipya. Kila kitu kilikuwa kizima, na kila jambo zima alilolikuta lilimnyima usingizi. Kama nyaya hazina kosa, basi kosa liko wapi? Jioni alikuwa akikaa jikoni akijihoji kama mtoto wa shule: leo tarehe ngapi, jana ulikula nini, nani alipiga simu. Alianza kuogopa kwamba kinachokatika na kurudi ni kichwa chake.

Lourens alikuwa mpole sana miezi hiyo. Alimletea kahawa, akamletea soseji za shambani kwake. "Usijitese, shemeji," alikuwa akisema. "Umri ni umri. Hata mimi macho hayako kama zamani." Ukipakwa mafuta kwa mgongo wa chupa hujui mara moja, unahisi baridi tu.

Mwezi wa tatu mwanzoni, Hesma alipita nje ya hanga ya Marlize akaona ndege yake imefunguliwa ubavu. Mwanamume kutoka uwanja mwingine alikuwa ndani na kichupa cha rangi ya zambarau, akipaka pembeni ya kila mstari mwekundu. Marlize alimwona akamsogelea.

"Shangazi, si kwamba..." alianza. "Ni kwa sababu ya watoto tu. Unaelewa, eh?"

"Naelewa, mwanangu," Hesma alijibu, na kweli alielewa. Aliingia ndani ya gari lake akalia huku ameukumbatia usukani.

Wiki ile ile Tertius, mwenyekiti wetu, mkulima wa alizeti mwenye sauti ya chini na masikio makubwa, alimpigia simu. Alijikohoza sana kabla ya kusema. Wanachama wangekutana Jumamosi kwenye kifungua kinywa, kuamua kama nyekundu yake iendelee kuhesabiwa. "Si hukumu, Hesma," alisema. "Ni mazungumzo." Ilikuwa hukumu. Ikitoka vibaya, ndege zote kumi na moja zingefunguliwa upya, na hakuna mtu ambaye angemwita tena kuangalia hata taa ya mlangoni.

Alikuwa na siku nne, na alizitumia kwa akili ya mtambo wa simu. Siku ya tatu, Alhamisi mchana, alijiuliza jambo ambalo angepaswa kujiuliza tangu mwanzo. Mita yake ilisema umeme upo kila mahali. Lakini mita huonja mchuzi kwa ncha ya ulimi tu, haili. Akachukua taa kubwa ya mbele ya gari kuukuu, inayokula umeme sahani nzima, akaiunga waya mmoja kwenye chanya ya betri. Waya wa pili akaushika kwenye hasi ya betri yenyewe: taa ikawaka kama jua. Kisha akauhamishia kwenye bati la ndege, ambako nyaya zote za hasi hurudishia umeme wao. Taa ikawaka vilevile. Akawasha mashine ya kukaushia nywele, akalielekezea bati la mbele kwa robo saa mpaka likachoma kidole, halafu akagonga ubavu wa tangi kwa mwiko.

Taa ilififia ikawa nyekundu kama kaa la moto, ikarudi. Akagonga tena, ikafifia tena.

Hesma aliketi sakafuni, mwiko mkononi, akicheka. Nyaya zake zilikuwa hazina hatia. Umeme ulikuwa ukikwama mahali pamoja tu, kwenye bolti inayokusanya nyaya za hasi na kuzifunga kwenye bati. Bolti hiyo ilikuwa nyuma ya tangi.

Ijumaa asubuhi alilitoa tangi peke yake, kazi ya saa nne na nusu, na mgongo wake ukamsimulia wiki nzima iliyofuata. Akaiona bolti. Juu yake palikuwa na mstari mwekundu. Moyo ulimwanguka, basi kweli alikuwa amekagua, kweli alikuwa amesahau. Akaifungua nati. Chini ya pete ya nyaya, bati lilikuwa bado na rangi yake ya kijani ya kuzuia kutu. Hakuna aliyelikwangua kwa msasa. Umeme ulikuwa ukipenya kwenye meno ya bolti tu, kama mtu anayepita kwenye mlango uliofunguliwa kidogo, na kila joto na mtikisiko vikikutana mlango ulikuwa unafungwa.

Aliipeleka nati mlangoni kwenye mwanga, aone alivyopotewa na akili. Na hapo mstari ule mwekundu ukameta. Ulikuwa na chembe ndogondogo za dhahabu ndani yake.

Yeye hakuwahi kuwa na rangi inayometa. Lakini aliijua. Siku ya mazishi, kanisani, mke wa Lourens, Dalena, alikuwa amemshika mkono mwanzo mpaka mwisho. Hesma hakuweza kulitazama jeneza, kwa hiyo mahubiri yote aliyasikiliza akizitazama kucha za Dalena, nyekundu, zenye vumbi la dhahabu. Angeweza kuzichora hata akiwa usingizini. Mwanamume kwake nyekundu ni nyekundu, angejuaje?

Lourens alifika saa nane. Hesma alimwekea ile nati mbele yake, juu ya benchi la kazi.

"Hii ni nini?"

"Nati."

"Rangi ya nani?"

"Si yako hiyo?"

"Igeuze kwenye mwanga, shemeji. Halafu uniambie tena ni yangu."

Aliigeuza. Nje trekta la mtu lilikuwa likipanda barabara.

"Ilikuwa bolti moja, Hesma," alisema mwishowe.

"Moja niliyoiona."

"Nilitaka urudi ukute kazi imesonga mbele. Niliona nakufanyia wema. Ningekungoja wiki tatu na tangi liko sakafuni?"

"Ungengoja. Ndiyo kazi yenyewe, kungoja." Sauti yake haikupanda, na hilo lilimtisha Lourens kuliko kelele. "Sawa, hukungoja. Lakini niliporudi ukaniambia nilipaka mwenyewe nikasahau. Nilikuwa nimemzika kaka yako, Lourens. Ukaona hapo pana shimo, ukanitupia humo uongo wako. Na miezi mitatu hii umekaa hapo unaniletea soseji, unaniambia umri ni umri, na ulijua kuna bolti haijakaguliwa!"

"Sikujua kama ndiyo hiyo. Naapa. Nilidhani labda..."

"Ulidhani labda ni mimi. Ulijitahidi sana kudhani hivyo."

Lourens alivua kofia. Nywele zake zilikuwa zimelowa jasho. "Shemeji, tuseme waya ulikatika. Nani ataumia? Wewe unabaki msafi, mimi nabaki na leseni ya uwanja. Bolti tunaisafisha leo hii, ndege inaruka."

"Hapana. Kesho utasimama mbele yao useme mwenyewe. Nakupa nafasi hiyo kwa ajili ya Wessel. Mimi sitasema mpaka wewe useme."

Alikubali. Alimpa mkono kabisa, mkono wa mtu anayetoa neno lake, na Hesma usiku ule alilala kama alivyokuwa hajalala tangu Krismasi.

Jumamosi chumba cha klabu kilijaa. Kulikuwa na mayai, soseji, na zile biskuti ngumu ambazo usipozichovya kwenye kahawa zitakuvunja jino. Wake za wanachama walikuwa wamekuja pia, Dalena akiwa amesimama karibu na birika akikata keki yake ya maziwa. Tertius aligonga kikombe kwa kijiko.

"Hesma, nasikia umeipata hitilafu."

"Nimeipata. Ni bolti ya hasi, nyuma ya tangi. Bati halikukwanguliwa."

"Na bolti hiyo ina rangi?"

"Ina nyekundu."

Watu waliacha kutafuna. Marlize aliinamisha uso. Hesma alimgeukia Lourens akangoja. Lourens alikuwa amechovya biskuti, nayo ilikuwa imelowa ikakatika ikazama kikombeni, na yeye bado ameishika ile nusu. Kisha akasimama. Hesma akashusha pumzi.

"Ndugu zangu," Lourens alisema, "nawaomba msimlaumu shemeji yangu. Mwezi wa tano ule udongo wa kaburi la kaka ulikuwa haujakauka. Mtu akiwa kwenye msiba anafanya mambo asiyoyajua. Mimi mwenyewe nilipaswa kumwambia apumzike. Kosa ni langu kwa kutomzuia."

Alisema vizuri. Alisema kwa machozi ya kweli, na hilo ndilo lililokuwa baya. Chumba kizima kilimwonea Hesma huruma kwa pamoja, vichwa vikiinama, mtu mmoja akisema maskini, mwingine akimwekea mkono begani. Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema, lakini hawakusema kwamba kitakubembeleza huku kinakula.

"Hakuna anayekulaumu, Hesma," Tertius alisema taratibu.

Hesma alifungua mkoba. Akatoa ile nati akaiweka kwenye kisahani cha Tertius, kando ya kijiko.

"Ipeleke dirishani, Tertius."

"Hesma, si lazima..."

"Ipeleke dirishani."

Tertius alikwenda. Aliiinua, akaigeuza, akavaa miwani. "Inameta," alisema, kama mtu asiyeelewa alichokiona. "Nyekundu yako siku zote ni kama tofali. Hii inameta."

Dalena aliacha kukata keki. Alizitazama kucha zake, halafu akaitazama nati mkononi mwa Tertius, halafu mumewe.

"Lourens," alisema. "Chupa yangu."

"Dalena, kaa chini."

"Uliniambia imevunjika bafuni. Nikakuuliza mbona sioni vigae vimechafuka, ukasema umeshafuta." Kisu kilikuwa bado mkononi mwake. "Lourens, ulifanya nini na chupa yangu?"

Hakuna aliyemwambia Lourens aketi. Aliketi mwenyewe. Njia ya mwongo ni fupi, na yake iliishia hapo, mbele ya sufuria ya soseji.

Baada ya hapo mambo yalikwenda haraka. Tertius aliomba radhi mbele ya wote, masikio yake yakiwa mekundu. Marlize alimkumbatia Hesma, akiapa kwamba kesho ataikwangua ile zambarau yote. Mikono iliinuliwa: nyekundu ya Hesma ni safi, inahesabiwa, itahesabiwa siku zote. Hesma aliwashukuru. Alikunywa kahawa yake mpaka mwisho, akaosha kikombe. Kisha akaenda kwenye gari lake, akatoa lita moja ya dawa ya kufutia rangi ya kucha na fungu la pamba, akaelekea hangani.

Tulidhani anakwenda kufunga tangi. Tertius alipomfuata baada ya nusu saa alimkuta amelala chali chini ya dashibodi, pamba zimezagaa sakafuni zote nyekundu. Alikuwa akifuta mistari yake.

"Hesma! Unafanya nini? Tumekwisha kusema ni safi."

"Mmesema yangu ni safi," alijibu kutoka chini. "Humu ndani ipi ni yangu?"

"Lakini ile ya uongo inameta. Hizi hazimeti."

"Inameta kwa sababu chupa yangu siku hiyo ilikuwa Kimberley. Kwa miaka yote mingine ilikuwa hapo rafuni, karibu na mkono wa Lourens. Daftari linasema mistari mia sita na kumi na miwili. Ninaikumbuka mia sita na kumi na miwili? Siwezi kuapa juu ya rangi ambayo mtu mwingine anaweza kuwa ameipaka kwa jina langu."

Tertius akaondoka. Alijua, kama tulivyojua wote, kwamba ndege isiyo na mistari hairuki, na kwamba pale uwanjani hapakuwa na mtu ambaye angekubali tena kukagua alichokaza Lourens Oelofse.

Alasiri Hesma alikuwa amefika mkiani. Lourens alikuwa amekuja, amesimama mlangoni bila kuingia, kofia mkononi kama wale watu wa zamani waliokuja kuomba msaada. Hesma alivuta kreti la maziwa, lile lile, akaketi. Mistari arobaini na miwili ilikuwa mbele yake, imepinda, inatetemeka.

"Hizo acha," Lourens alisema. "Hizo ni za Wessel."

Aliyasema haraka. Hesma aliiweka chini chupa ya dawa.

"Zote?"

Lourens alitazama nje, kule kwenye mahindi.

"Lourens. Zote ni zake?"

"Wiki mbili za mwisho mkono ulikataa kabisa," alisema. "Hata chupa ilikuwa ikimponyoka. Aliniomba yeye mwenyewe, Hesma. Alisema usijue. Alisema utavunjika moyo ukijua kwamba hata hili limemshinda. Kwa hiyo nikawa napaka mimi. Nikawa nautetemesha mkono makusudi."

"Ulikaza wewe, ukapaka wewe."

"Kwa sababu aliniomba."

"Na mwezi uliofuata ukapaka bila kuombwa."

Nzi mmoja alikuwa akizunguka juu ya mkia.

"Zipi zake?" Hesma aliuliza. "Nionyeshe tu zipi zake. Nitaziacha hizo."

Lourens alisogea, akainama, akaitazama safu yote kwa muda mrefu. Kidole chake kilielekea mstari mmoja, kikasita, kikaelekea mwingine, kikarudi.

"Sijui," alisema. "Nilijitahidi zifanane."

Hesma alipitisha kidole juu ya mistari yote, wa kwanza mpaka wa arobaini na mbili, polepole, kama alivyozoea kila alipopita hapo, akiutafuta mkono wa mumewe. Akarudia tena kutoka mwisho. Kisha akafungua chupa, akachovya pamba, akaanza na ule wa kwanza upande wa kushoto.